Kipindi cha Wiki: Kanisa Dogo Kuliko Nissan

NJERI: Kabla uanze kunicheka Ouma, wacha niseme mwenyewe. Gari imechemsha tena.

OUMA: Mimi sijasema kitu. Nimenyamaza tu hapa kama mtu amefiwa.

NJERI: Jumapili natoka Narok kwa harusi, nimepita Mai Mahiu naanza kupanda ule mlima wa kuja Limuru, lori mbele, lori nyuma, mara mshale umepanda, moshi kwa boneti, nikaweka kando. Na unajua nilisimama wapi? Mlangoni kwa lile kanisa la Waitaliano.

OUMA: Lile dogo kando ya barabara? Si miaka yote nilidhani ni kibanda cha transfoma!

NJERI: Haki wewe. Ni kanisa kamili, Katoliki, la mawe, lina altari, lina viti. Lilijengwa 1942 na wafungwa wa vita, Waitaliano walioshikwa na Waingereza huko Ethiopia na Somalia, wakaletwa hapa kutengeneza hiyo barabara ya kushuka bondeni. Sasa mimi nikingoja rejeta ipoe nikaingia, nikakaa, nikaanza kuhesabu nafasi. Watu kama 12.

OUMA: 12?

NJERI: 12.

OUMA: Nissan ya matatu inabeba 14.

NJERI: Nilijua tu.

OUMA: Na hiyo 14 ni ile ya karatasi! Saa moja jioni pale steji ya Odeon ni 19 na mama mwenye kuku. Kwa hivyo padri ndiye dere, katekista anagonga bati, "songa songa pale mbele, hicho kiti ni cha wanne".

NJERI: Na ukichelewa misa unawekewa kale kabao ka sambaza kati ya viti.

OUMA: Sadaka unalipa ukishapanda, chenji utapata ukishuka!

NJERI: (anacheka) Ngoja, tulisema leo tuwe serious. Niliandika mambo matatu ya kujifunza kuhusu majengo ya zamani, nimeyaweka hapa kwa simu.

OUMA: Tutafika. Niambie kwanza, mfungwa anachimba barabara kutwa nzima, jua la bondeni lile unalijua, halafu anapata wapi nguvu ya kujenga kanisa?

NJERI: Hapo ndipo mimi nilishikwa. Mtu ametoka kwao, hajui kama mama yake yuko hai, hajui vita vitaisha lini, na bado anachonga jiwe vizuri. Nilikaa pale lori zikipita hadi madirisha yanatetemeka, machozi karibu yanitoke.

OUMA: Mimi hayanitoki, pole. Hao walikuwa jeshi la Mussolini. 1935 waliingia Ethiopia na wakamwaga gesi ya sumu kwa watu. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, alitembea kwa miguu hadi Abisinia kuwapiga, akarudi Yala na koti moja. Nani alimjengea kitu? Mtu akipita Mai Mahiu anapiga selfi na kazi ya mfungwa. Hata mkubwa wao, Duke wa Aosta, alisalimu amri 1941, akafia hapa Nairobi 1942 akiwa mfungwa, leo amelala Nyeri ndani ya kanisa la kumbukumbu.

NJERI: Lakini aliyebeba mawe pale si Duke, ni kijana wa kawaida aliyeandikishwa.

OUMA: Babu pia aliandikishwa.

NJERI: Na Kenyatta Avenue kuna sanamu za askari wetu.

OUMA: Hizo ziliwekwa juu ya vita vya kwanza, Njeri! Babu alikuwa hajazaliwa!

NJERI: Sawa, kwa hivyo unataka nini, tulibomoe?

OUMA: Sijasema tubomoe. Nasema usilie.

NJERI: Nitalia nikitaka. Hao watu walikuwa na moyo wa ajabu bana. Januari 1943 watatu walitoroka kambi ya Nanyuki, wakapanda Mlima Kenya na vifaa vya kujitengenezea, wawili wao wakasimamisha bendera kilele cha Lenana, halafu wote wakarudi wenyewe kambini.

OUMA: Wakarudi?

NJERI: Wakarudi. Wakapewa siku 28 za kufungiwa, mkuu wa kambi akapunguza zikawa 7, alipenda ule ujasiri.

OUMA: Unaona sasa? Mfungwa mzungu anapunguziwa. Mwafrika angetoroka wakati huo angepunguziwa nini?

NJERI: ...Hiyo sikujibu. Lakini kanisa bado ni zuri.

OUMA: Ni zuri. Bado nisingelia.

NJERI: Basi tumekwama.

OUMA: Tumekwama, na wale wa saa kumi na mbili wanagonga mlango wa studio, nawaona kwa kioo wamekunja sura.

NJERI: Na mambo yangu matatu?

OUMA: Soma moja, haraka.

NJERI: La kwanza, ukiingia jengo la zamani usiguse... aki wamefungua mlango. Tunatoka, tunatoka! Ouma, unaelekea wapi, nikubebe?

OUMA: Na hiyo gari? Wacha nipande kanisa pale steji.