Kisanduku chekundu

(Mazungumzo na wanachama wa MUSO, yaani vikundi vya kuweka akiba na kusaidiana, wa Kadutu, Bukavu, Kongo)

Jambo zenu, mama zangu, papa zangu. Aksanti kwa kuja na mvua hii. Najua Kadutu ikiloa inavyoteleza.

Mwanachama akikosa mikutano miwili, tunafanya nini? (Sauti: "Tunamfuata!") Tunamfuata, ndiyo. Tunafuata deni. Miaka mitatu iliyopita mimi na mtunza hazina wetu tulipanda hadi kwa mwenzetu aliyepotea hivyo. Ameniruhusu nisimulie, bila jina. Tulimkuta ameketi gizani, mchana, madirisha yamefungwa. Vitenge vyake alikuwa amewagawia majirani. Akatuambia, "Msijali, karibu mtapumzika, sitawasumbua tena." Mtunza hazina akauliza: utalipa lini? Na mimi, muuguzi mwenye miaka 18 kazini, nikasema, "Jikaze mama, Mungu yupo." Tukashuka.

Usiku ule usingizi ulinikataa. Kulipokucha nikarudi peke yangu, nikamwuliza waziwazi: "Mama, unafikiria kujiua?" Alilia sana. Kisha akasema, "Hakuna mwingine aliyeniuliza."

Swali hilo wengi mnaliogopa. Mnadhani kulitamka ni kumwitia mtu kifo. Sivyo. Jambo hili limechunguzwa: kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na aliyekuwa nalo anapata pa kulitua. Ukishauliza, nyamaza usikilize. Usihubiri. Na usimwambie kwamba waliokimbia vita wana shida kuliko yeye. Hapa Kivu tumezoea kupima mateso kama unga sokoni, na mwenye kopo dogo anaona haya kusema.

Kuna papa mmoja ameniambia pale mlangoni kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Papa, samahani, nakujibu mbele ya watu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu 727,000 waliokufa kwa kujiua mwaka 2021, na karibu 3 kati ya kila 4 walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Ni watoto wetu hao, wale tunaowaambia mwanaume halii.

Mtu akikuambia ameshapanga, usimwache peke yake hata dakika moja. Dawa, sumu na chochote cha kujidhuru vitoke nyumbani humo. Mwite mtu anayemwamini, mfike kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Hapa mjini tuna SOSAME, kituo cha kutibu magonjwa ya akili, na wanaolala kule ni wagonjwa kama wa malaria. Nasema hivyo kwa sababu wanangu mwenyewe nimewasikia wakitukanana kwa jina hilo. Na wewe unayenisikiliza huku moyo unakulemea: huhitaji maneno mazuri. Mshike mtu mkono baada ya mkutano, umwambie, "Siko sawa." Yanatosha hayo kuanzia.

Mwenzetu alikuwa na sonona, ugonjwa wa moyo mzito. Alipewa dawa, akapata mtu wa kuzungumza naye kila wiki; deni tukalisogeza mbele. Haikuwa haraka. Kuna miezi alirudi nyuma, tukaanza tena.

Lakini nauli na dawa za mwezi wa kwanza zilitoka wapi? Hapo ndipo tuligombana. Kisanduku cha kijani ni cha akiba na mikopo, mnakijua. Chekundu ni cha msaada usiorudishwa: kuzaa, kilio, hospitali. Mmoja wetu akasema, "Huyu haumwi, hana hata homa." Tulibishana hadi giza likaingia, na watu wawili wakatoka kwa hasira. Mmoja alirudi.

Daftari letu nimelileta, liko mezani. Fungueni ukurasa wa kisanduku chekundu. Chini ya hospitali tuliongeza mstari kwa bic: "na ugonjwa wa moyo mzito, bila kuuliza homa." Anayetaka kunakili anakili. Kalamu mbili ninazo.