Gololi Inadunda, Gia Iko Wapi?

Mirija miwili hii mnaiona. Chini ya mmoja kuna kipande cha feleji, chini ya mwingine kioo cha metali, yaani aloi (mchanganyiko wa metali) iliyopozwa haraka ikaganda kabla atomi zake hazijajipanga. Nadondosha gololi za beringi, moja huku, moja huku. Haya. Ya feleji imeshatulia. Hii nyingine bado. Bado. Tuiache, itachoka yenyewe.

Mmepiga makofi. Kila ninapoonyesha hivi watu hupiga makofi, na kero yangu inaanzia hapo. Nguvu ya vitu hivi ilishapatikana zamani. Aloi ya Peker na Johnson wa Caltech, chuo cha teknolojia cha California, iliyotangazwa mwaka 1993, ya zirkoni, titani, shaba, nikeli na berili, inahimili megapaskali 1,900 hivi; hicho ni kipimo cha mzigo kwa kila eneo. Feleji ya kawaida ya ujenzi kwenye 250 inaanza kusalimu amri. Na bado naletewa maandiko ya utafiti yanayoahidi aloi "yenye nguvu zaidi". Zaidi ili iweje? Gia yenyewe iliyotengenezwa kwa aloi hizo iko wapi?

Feleji ina adabu. Kabla haijakatika inapinda, inarefuka, fundi anaona, anabadilisha. Ndani yake atomi zimejipanga kwa safu za fuwele, na kasoro za safu hizo huteleza, zikagongana, zikazuiana, mzigo unagawanyika. Kioo cha metali ni daladala iliyofungwa mlango abiria wakiwa bado wanagombea siti: kila mmoja kaganda alipokuwa. Hakuna safu. Ukikizidishia mzigo, utelezi wote unakusanyika kwenye ukanda mmoja wenye unene wa nanometa 10 au 20, na ukanda ukishaanza hakuna wa kuusimamisha. Ukikivuta, hakirefuki. Kinakatika tu, pa!

Najua yupo anayesema moyoni, "Mwalimu, si ukichanganye na kitu laini?" Umesema vyema, na hutakuwa wa kwanza. Mwaka 2008 watu wa Caltech hao hao waliacha matawi laini ya fuwele yaote ndani ya kioo, kwa ukubwa uliopimwa ili ukanda ukianza kukimbia ugonge tawi. Kipande kikavutwa, kikarefuka zaidi ya asilimia 10. Sasa niulizeni nguvu ilikuwa ngapi. Megapaskali 1,200 hadi 1,500! Walishuka, ndugu zangu. Walitoa nguvu wakanunua adabu, na hiyo ndiyo biashara ninayowaomba mfanye. Ukiniletea andiko linaloshusha nguvu na kuongeza urefukaji, nitalisoma usiku huo huo. La "zaidi" litasubiri.

Gololi imesimama? Naam, sasa hivi tu.

Kupoza nitapita mbio. Mhunzi anayetumbukiza panga majini anadhani ana haraka. Mwaka 1960 Duwez, mtafiti wa Caltech, alihitaji takriban digrii milioni moja kwa sekunde kupata kioo cha dhahabu na silikoni, na alipata kipande chembamba mno. Baadaye Inoue, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku kule Japani, akaonyesha kwamba ukichanganya metali tatu au zaidi zenye atomi za ukubwa tofauti, zinazopendana kuliko zinavyojipenda, zinachelewa kujipanga, nawe unapata nafasi ya kupoza polepole. Ndiyo maana leo tuna vipande vya sentimita. Oksijeni ikiingia kwenye zirkoni, umeharibu; zirkoni safi ina bei yake. Berili ni sumu, vumbi lake msilichezee. Hayo mtayasoma.

Ila hili siliachi. Kioo cha metali kilichoingia viwandani kwa tani na tani ni utepe wa chuma, silikoni na boroni, wenye unene wa mikromita 25 hivi, kwenye viini vya transfoma. Transfoma ya nguzoni hupoteza umeme usiku kucha hata mtaa mzima ukiwa umelala, na utepe huo hupunguza upotevu huo kwa zaidi ya nusu. Hakuna aliyeuuliza utepe huo megapaskali zake.

Vipande vitano vinapita mikononi mwenu. Vipindeni mtakavyo, ila virudi vitano. Mwaka jana vilirudi vinne.