Ile picha iko kwa simu ya nani?

Asanteni. Naona huko nyuma kuna watu wamesimama, njooni mbele viti viko, msiogope. Hiyo kelele ya Jogoo Road mtanisamehe, nimeambiwa tukifunga madirisha tutaiva humu ndani, kwa hivyo nitapaza sauti tu.

Waliponiita hapa maktaba ya Makadara waliniambia niongee juu ya mauaji ya risasi, yale ya watu wengi kwa mpigo, na venye vyombo vya habari vinayaripoti na sisi wananchi tunavyoyapokea. Nafikiri walitaka nije niziseme stesheni. Nitazisema, nimekula mshahara wao miaka kumi na moja siwezi kukosa la kusema. Lakini leo nitaanza na sisi.

Januari 15, 2019. Magaidi wakavamia hoteli ya Dusit, pale 14 Riverside hapa Nairobi, Jumanne mchana. Watu 21 waliuawa. Siku hiyo hiyo New York Times wakaweka stori yao, na kwa ile stori kukawa na picha ya watu waliopigwa risasi wakiwa mkahawani, wameinamia meza. Mnakumbuka Twitter ilivyowaka. #SomeoneTellNYTimes. Hiyo silaha tayari tulikuwa tumeizoea, 2015 tulikuwa tumewapiga nayo CNN walipotuita makao ya ugaidi Obama akikaribia kuja. Safari hii hata Baraza la Vyombo vya Habari likaingia, likawapa saa 24 watoe picha. Hawakutoa. Yule mwandishi ambaye jina lake lilikuwa juu ya stori alitukanwa mpaka watu wakataka afukuzwe nchini, na picha wala hakuichagua yeye, akasema hivyo, nani alimsikiliza? Mwandishi hachagui picha. Hiyo naijua, lakini usiku ule hata mimi nilijifanya siijui, nikatweet na wenzangu.

Na hoja yetu ilikuwa na nguvu, nisieleweke vibaya. Tuliwauliza, wenu mnawaonesha hivyo? Sandy Hook, Desemba 2012, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa kwa shule ya msingi. Umewahi kuona mwili wa mtoto hata mmoja wa Sandy Hook kwa gazeti? Mimi sijawahi. Uliona wazazi wamekumbatiana, maua, mishumaa, picha za shule za watoto wamechana nywele vizuri wanatabasamu. Sasa kwa nini Mkenya aoneshwe akiwa ameinamia meza? Hilo swali halijawahi kujibiwa vizuri mpaka leo.

Sasa shida ni hii. Nikiandika hiyo tweet, kwa simu hiyo hiyo, nilikuwa na picha ya Garissa.

Mnaijua picha gani. Siielezi. Aprili 2, 2015, magaidi walivamia chuo kikuu cha Garissa asubuhi na mapema wakaua wanafunzi, na kufika jioni hiyo picha ilikuwa imezunguka nchi nzima kwa WhatsApp, kuna mtu hapa hakuiona? Naona vichwa vinainama. Mimi nilitumiwa na binamu yangu, nikaituma kwa magrupu matatu, chini yake nikaandika "Mungu wangu" na ile emoji ya mikono. Sikufikiri hata dakika moja. Na mimi ni mtu wa habari, nimesomea maadili, nimefanya mtihani wa maadili nikapita.

Grupu moja ilikuwa ya watu wa kwetu nyumbani, ile ya matanga na harusi na michango. Nikatuma, watu wakaweka emoji za machozi, mmoja akaandika ole wao, mwingine akauliza serikali iko wapi. Halafu kukatokea ule mstari mdogo wa kijivu, kwamba mzee fulani ameondoka kwenye grupu. Tukashangaa, huyu mzee huwa hata haandiki, ameudhiwa na nani? Baada ya wiki mbili ndipo tukajua alikuwa Nyayo Stadium siku zile, pale wazazi walipokuwa wakikusanywa kungoja habari. Msichana wake alikuwa Garissa mwaka wa pili. Mzee ameketi kwa kiti cha plastiki, simu imechomekwa kwa waya wa wenyewe, anaivuta ile picha kwa vidole viwili, anaivuta, anaangalia nguo. Nguo tu, juu sura hazikuonekana. Picha aliitoa wapi? Kwa grupu. Nani aliiweka?

(Mnipe maji kidogo.)

Yule msichana alipatikana mzima, niseme tu msije mkakaa na hilo roho juu. Alikuwa amejificha. Lakini mzee hakurudi kwa grupu, na tukikutana nyumbani ananisalimu vizuri kabisa, habari ya kazi, habari ya watoto, hilo halijawahi kutajwa na sitalianzisha mimi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa stesheni, juu si haki niseme tu simu zetu. Westgate, lile jengo la maduka hapa Nairobi magaidi walilovamia. Septemba 21, 2013, Jumamosi. Mimi ndiye nilikuwa nachapa ule utepe unaopita chini ya skrini. Kazi yenyewe inaonekana ndogo lakini siku kama ile watu wanasoma utepe kuliko wanavyomsikiliza mtangazaji. Mhariri anasimama nyuma yangu anasema namba, leta namba, wale wengine wameshaweka namba. Jioni tukapata 39 kutoka kwa hotuba ya rais. Kesho yake 59. Mwisho wa yote ikawa 67. Hiyo Jumamosi usiku mama mmoja akapiga simu, mtu wa mapokezi alikuwa amechoka akaielekeza kwa dawati letu. Mama hakulia. Aliniuliza, "Kijana, hao 39 mmeandika hapo chini, ni nani amewahesabu?"

Sikuwa na jibu. Kusema kweli hata sikuwa nimejiuliza. Nilimwambia ni taarifa ya serikali mama, akasema haya, akakata.

Na serikali yenyewe, mnakumbuka? Tuliambiwa washambuliaji ni 10 mpaka 15. Kukasemwa kuna mwanamke Mwingereza, waziri mzima alisema hivyo kwa televisheni ya Marekani. Moshi ukatoka, tukaambiwa ni magodoro yanachomwa. Magodoro! Bado ni kichekesho hiki chetu mpaka leo, ukimwona mtu anadanganya unamuuliza ni magodoro? Mwisho kamera za ndani zikaonesha wanaume wanne. Na zikaonesha askari wakitoka dukani na mifuko. Sasa yale yote ya siku zile, kumi na tano, mwanamke, magodoro, mimi niliyachapa kwa herufi kubwa. Hakuna siku tuliandika kwa utepe kwamba samahani, yale ya siku zile hayakuwa kweli. Utepe haurudi nyuma, jamani, utepe unaenda mbele tu.

Kitu nimejifunza ni kwamba lile pengo kati ya risasi ya kwanza na habari ya kwanza ya kweli haliwezi kukaa tupu. Watu wanataka kulijaza. Anayelijaza ni mwenye kuwahi. Wakati wa Westgate Al-Shabaab wenyewe, kundi lililoshambulia, walikuwa Twitter wakitangaza, akaunti inafungwa wanafungua nyingine, na sisi dawatini, nikiri tu, tulikuwa tunazisoma juu zilikuja haraka kuliko msemaji wa polisi. Fikiria hapo. Muuaji ndiye alikuwa na afisa wa habari anayejibu.

Yule wa Christchurch, New Zealand, Machi 15, 2019, alienda mbali zaidi. Aliingia msikitini na kamera amejifunga, akarusha laivu kwa Facebook. Watu 51 waliuawa kwa misikiti miwili. Facebook wakasema kwa saa 24 za kwanza waliondoa video milioni 1.5. Zile hazikupandishwa na muuaji, muuaji alikuwa ameshashikwa. Zilipandishwa na watu, wengine ni wafuasi wake sawa, lakini wengine najua kabisa walikuwa watu kama mimi na "Mungu wangu" yangu. Waziri mkuu wao wa wakati ule, Jacinda Ardern, alisimama bungeni akasema jina la yule mtu hatalitaja kamwe. Mimi pia silitaji, si kwa kumwiga, ni kwamba nikilitaja hapa kuna kijana mmoja ataligugo akifika stendi.

Huko Marekani kuna wazazi waliopoteza mtoto wao kwa yale mauaji ya ukumbi wa sinema, Aurora, 2012, wakaanzisha kampeni ya kuambia vyombo vya habari msimfanye muuaji nyota. Stesheni zingine zilikubali kiasi. Zingine zinaweka sura yake kubwa na maiti ziko chini kama takwimu. Na hesabu zao wenyewe hawakubaliani, ukihesabu kila tukio ambalo watu wanne au zaidi wamepigwa risasi, hata kama hakuna aliyekufa, unapata zaidi ya 600 kila mwaka kutoka 2020 mpaka 2023. Ukihesabu wanne au zaidi waliokufa, unapata chache sana. Kwa hivyo ukisoma kichwa cha habari uliza kwanza wanahesabu nini.

Na sisi hizo za Marekani tunazipokeaje? Kwa matatu nimesikia hivi, "hao watu wako na shida." Basi. Kana kwamba Siakago, kule Embu, haikuwa Kenya. Novemba 2010, askari mmoja alizunguka na bunduki ya serikali akaua watu 10 usiku mmoja. Kwa sababu hakuwa gaidi, tulimzungumzia kama mambo ya mapenzi, wiki mbili ikaisha. Nani hapa anaikumbuka? Mkono mmoja. Wewe ni wa Embu? Nilijua.

Hapo ndipo panaponiuma hata kuliko picha. Mpeketoni, kule Lamu, Juni 2014, watu zaidi ya 60 waliuawa, wengine walikuwa wakitazama Kombe la Dunia. Karibu idadi ya Westgate. Mandera, Novemba mwaka huo, 28 kwa basi. Siku kumi baadaye, 36 kwa machimbo ya mawe. Westgate kila Septemba tunawasha mishumaa, na jengo lilifunguliwa tena 2015 kwa sherehe na kamera. Mpeketoni stesheni yetu ilituma mtu mmoja, akarudi baada ya siku mbili juu pesa ya mafuta iliisha. Sasa sisi tukiuliza New York Times kwa nini maiti zetu si kama zenu, mtu wa Mpeketoni naye atuulize nini?

Hata Garissa. Mnakumbuka ile hashitagi nzuri, ile ya kusema 147 si namba tu, majina yakaanza kuandikwa mmoja mmoja, picha za wale vijana wakiwa hai, wamevaa suti za kuazima. Ile ilikuwa kazi bora kuliko yote tuliyofanya mwaka huo, na haikufanywa na stesheni, ilifanywa na watu wa mtandao. Lakini hesabu ya mwisho ilikuwa 148. Hashitagi ikabaki 147. Mimi huyo mmoja huwa ananijia usiku.

Kuna kijana hapa ameniletea karatasi, anasema, lakini picha pia husaidia. Ni kweli. 1955, Marekani, Mamie Till, mtoto wake aliuawa na Wazungu Mississippi, akasema jeneza liachwe wazi, dunia ione walichomfanyia mwanangu. Picha zikachapishwa na nchi ikatikisika. Lakini angalia aliyeamua ni nani. Mama. Alikuwa ameshamwona mtoto wake kwanza, ameshamtambua, ndipo akasema fungueni. Yule mzee wa Nyayo hakuna mtu alimuuliza.

Mwingine anasema basi sheria ipigwe, picha za mashambulizi zikatazwe. Ilijaribiwa, kijana. Desemba 2014 bunge lilipitisha zile sheria za usalama, ile siku wabunge walimwagiana maji, na ndani yake kulikuwa na vifungu vya kubana hizo picha na ripoti za ugaidi. Februari 2015 Mahakama Kuu ikavitupa. Na mimi nilifurahi, juu wenye ufunguo wangekuwa wale wale wa magodoro. Ile video ya askari na mifuko isingeonekana kamwe.

Sasa naambiwa dakika zimeisha. Swali la mwisho, dada mwenye sweta ya kijani. Ongea kwa nguvu.

Anauliza kama ile picha ya Garissa bado ninayo.

Dada, ile simu niliibiwa Muthurwa, nikipanda gari. Picha ilikuwa ndani, sikuwa nimeifuta.