Keki ya ghorofa tatu: kilichobeba ni nguzo, si keki

Haya wapendwa, habari za huko nyumbani? Karibuni jikoni. Leo tunajenga keki ya ghorofa tatu kwa oveni hizi hizi za kawaida. Maua na lulu tunaviweka kando, kwani pambo hufunika ufa tu, haliuzibi.

Ghorofa ya chini ni sentimita 25, ya kati 20, ya juu 15. Kila ghorofa ina matabaka mawili yaliyookwa kwenye tini mbili, yakipandana yafike kama sentimita 10.

Tini moja ya sentimita 20 inakula mayai 4, siagi gramu 225, sukari gramu 225, unga gramu 275, baking poda vijiko vya chai 2 na maziwa vijiko vya chakula 3. Unga umezidi siagi makusudi. Keki laini kama sponji ni tamu, ila hapa itabonyea. Sasa, tini ya 25 mtaiongezea kiasi gani? Wengi wanaongeza robo, kwa kuwa 25 imezidi 20 kwa robo. Hapo ndipo keki ya chini inapotoka nyembamba kama chapati, maana kinachojazwa ni eneo la duara, na eneo limeongezeka zaidi ya nusu. Kwa hiyo mayai 6, siagi na sukari gramu 350 kila kimoja, unga gramu 425. Baking poda isizidi vijiko 3, kwa sababu tini pana ikipewa nyingi huumuka haraka, kisha katikati panadidimia. Ile ya 15 inatosha kwa nusu ya kipimo cha kwanza na kijazo kidogo.

Oveni nyuzi 160. Kata ukanda wa taulo kuukuu, uloweshe, ukamue, uzungushe tini kwa nje na ufunge kwa pini. Ukingo unapata joto polepole, unaiva sambamba na katikati, na keki inatoka bapa bila kichuguu. Ya 20 ipeni dakika 50 hadi 60, ya 25 saa moja na robo hivi, lakini wa kuamini ni ule ujiti mnaochoma katikati ya keki utoke mkavu, si saa ya ukutani.

Zikishapoa, zifungeni kwa plastiki zilale kwenye friji. Keki ya moto haikatwi, inamong'onyoka. Kesho yake sawazisheni juu kwa kisu cha meno, kisha kila ghorofa ikae juu ya kadi yake ya keki, ile karatasi ngumu ya duara, yenye upana ule ule. Kadi hiyo msiiruke, tutaona kazi yake.

Krimu ni siagi gramu 250 kwa sukari ya unga gramu 500. Kama sherehe ni mchana wa joto, nusu ya siagi ibadilisheni kwa mafuta meupe ya kuganda. Ladha inapungua kidogo, nakubali, ila krimu haitiririki. Krimu ya maziwa ya kupiga wekeni mbali na ghorofa za chini. Mkipenda jemu ndani, zungusheni kwanza ukuta wa krimu pembezoni, kisha jemu nyembamba ikae katikati. Bila huo ukuta jemu inateleza, na keki ya juu inateleza nayo.

Halafu kuna kile kitambi kinachotokeza ubavuni saa chache baada ya kupaka. Hewa imebanwa kati ya matabaka, au keki imepakwa kabla haijatulia. Wekeni kigae safi juu ya ghorofa iliyojazwa, saa kadhaa, ishuke yenyewe. Ndipo mpake krimu nyembamba ya kushika makombo, friji nusu saa, kisha krimu ya pili.

Sogeeni hapa sasa. Hii keki ya 25 imetoka friji, ngumu. Nachukua tini ya 20 tupu, naigusisha juu taratibu, imeacha alama ya duara. Nguzo zote, yaani vijiti vinavyobeba ghorofa ya juu yake, zinakaa ndani ya duara hilo, sentimita 2 kutoka kwenye mstari. Nazamisha nguzo ya kwanza mahali keki iliponyanyuka zaidi, hadi igonge ubao ulio chini ya keki yote. Natia alama sawasawa na krimu, naichomoa, nakata. Hizo nyingine nakata kwa kuzilaza pembeni ya hii moja, SIPIMI kila moja mahali pake. Ukipima moja moja, kila nguzo inafuata mwinamo wa keki, na ghorofa ya juu inainama hivyo hivyo. Nguzo ikichomoza milimita 2, zibeni kwa krimu. Ikiwa fupi, uzito unaangukia keki, na keki inapasuka.

Chini ya ghorofa ya 20 ninaweka nguzo 6 za plastiki ngumu. Chini ya ile ya 15 zinatosha 4, na mirija minene ya kunywea inafaa kabisa. Mnaona kadi sasa? Inakalia nguzo. Bila kadi, nguzo zinatoboa keki ya juu kama uma kwenye muhogo.

Mwisho, ujiti mrefu uliochongwa ncha unapita katikati kutoka juu hadi ubaoni. Kadi zitobolewe tundu mapema, msije mkapiga nyundo juu ya krimu. Ujiti huu haubebi uzito, unazuia kuteleza. Kwa safari ndefu, bebeni kila ghorofa kwenye boksi lake na mpange ukumbini. Kwenye gari iwekwe sakafuni, kwa sababu kiti kina mteremko hata kama hamuuoni.

Wakati wa kukata, anzeni na ghorofa ya juu, mkishuka mnachomoa. Hesabuni: 6, 4 na ujiti mmoja. Zote 11 ziwe mezani kabla sahani ya mwisho haijapita kwa wageni.