Dhahabu ya Kilwa katika makanisa ya Ureno

Ahsante mwenyekiti. Wazee shikamooni, na wengine habari za jioni.

Nianze na neno ambalo hakuna anayelipenda: gereza. Wanaisimu wanalirudisha kwenye igreja, ambalo kwa Kireno ni kanisa. Wareno walipojenga ngome zao huku pwani waliweka na kanisa humo ndani, na wenyeji, wakiwa nje, hawakuona sababu ya kutenganisha chumba cha kusalia na chumba cha kufungia watu. Wakaliita jengo zima kwa jina moja. Meza, bendera, leso, hata padri mwenyewe, vyote vilishuka kutoka merikebu zilezile, lakini hilo la gereza ndilo linalonichekesha na kuniumiza kwa pamoja. Kwa hiyo nikialikwa kuzungumzia makanisa makongwe ya Ureno siwezi kujifanya mgeni wa mambo hayo. Kila nikilitazama jengo la aina hii huuliza kwanza nani alilipa.

Tuanzie Belém, ukingoni mwa mto Tejo, pale Lisbon. Hapo palikuwa na kanisa dogo la mabaharia, na mwaka 1497 Vasco da Gama na watu wake walikesha humo wakisali kabla ya kung'oa nanga. Miezi tisa baadaye walikuwa Mombasa na Malindi. Mfalme Manuel I akaamua mahali hapo pajengwe monasteri kubwa, akawapa watawa wa Mtakatifu Yeronimo, kazi yao ikiwa kumwombea yeye mfalme na kuwahudumia kiroho mabaharia. Ndiyo Mosteiro dos Jerónimos. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa karne ya 16, kwanza chini ya Diogo de Boitaca, na kuanzia 1517 chini ya João de Castilho.

Fedha zilitoka wapi? Kwenye kodi iliyoitwa Vintena da Pimenta: sehemu moja ya ishirini, asilimia 5, ya biashara iliyotoka Afrika na Mashariki. Pimenta ni pilipili manga. Ukiingia ndani unaona nguzo nyembamba zikipanda juu sana na kufunguka darini kama makuti ya mnazi, na mawe yamechongwa kamba za merikebu, mafundo na majani. Makaburi ya wafalme yamebebwa mgongoni na tembo wa marumaru. Da Gama naye amelala karibu na mlango, ndani ya jeneza la jiwe lililochongwa karne ya 19, akitazamana na mshairi Camões. Sifichi, jengo ni zuri mno. Hata tetemeko la 1755 lililoiangusha Lisbon halikulidhuru sana.

Lakini kitu ninachotaka mkumbuke hakiko tena Belém. Kiko kwenye jumba la makumbusho la sanaa ya kale, Lisbon hiyohiyo: monstransi ya dhahabu, chombo cha kuwekea Ekaristi Takatifu ili waumini waiabudu. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka, wadogo kama vidole, wamepakwa rangi za kuchomea motoni. Inahesabiwa kuwa kazi ya sonara Gil Vicente. Kwenye kitako kuna maandishi yanayosema kwamba Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ikakamilika 1506.

Kilwa yetu hii. Mwaka 1502 da Gama alirudi na kundi la merikebu za vita, akatia nanga mbele ya mji, akamwambia mtawala, Amir Ibrahim, achague: kulipa kodi kila mwaka au mji uchomwe. Ibrahim akalipa. Dhahabu yenyewe ilikuwa imetoka bara, ikapitia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ikapandishwa kaskazini kwa majahazi. Kodi haikuuokoa mji, maana mwaka 1505 kamanda mwingine wa Kireno, Francisco de Almeida, aliuvamia na kuupora, akajenga ngome. Mkienda Kilwa Kisiwani mtaiona Gereza, ingawa sehemu kubwa ya kuta zinazoonekana leo ni za Waomani. Manuel alipofariki 1521 alikuwa ameiusia monstransi kwa watawa wa Belém. Kwa hiyo kwa miaka mingi watu walipiga magoti Lisbon mbele ya dhahabu iliyotolewa na Mwislamu chini ya vitisho vya mizinga. Wengi wao, nadhani, hawakuwahi kuinama kusoma kitako.

Belém haikula fedha za mbali tu. Iliwanyang'anya mafundi majirani. Kule Batalha, mji ulio kaskazini mwa Lisbon, Mfalme João I aliweka nadhiri kwamba akiwashinda Wakastilia, majirani zao wa Hispania ya leo, atamjengea Bikira Maria kanisa. Alishinda Aljubarrota tarehe 14 Agosti 1385, na kazi ikaendelea zaidi ya miaka mia. Kisha Manuel akaelekeza nguvu zote Jerónimos. Nyuma ya kanisa la Batalha wameacha makanisa madogo yasiyo na paa, yanaitwa hivyohivyo, Capelas Imperfeitas, yaani yasiyokamilika. Mlango wake umetariziwa kama lesi, na mvua inanyesha ndani.

Humohumo Batalha, katika ukumbi wenye dari pana isiyo na nguzo hata moja katikati, wamezikwa askari wawili wasiojulikana wa Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja aliletwa kutoka Flandres huko Ulaya, mwingine kutoka Afrika. Wazee wa kusini watakumbuka simulizi: mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma wakafika Newala, na baada ya wiki chache Wajerumani wakawarudisha walikotoka. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo ukumbi ule hauwataji.

Monasteri ya Alcobaça nitaipita mbio, kwa ajili ya vijana. Mfalme Pedro I na mpenzi wake Inês de Castro, aliyeuawa 1355 kwa amri ya baba yake Pedro, wamezikwa miguu ikielekeana, ili siku ya ufufuo wakiinuka waonane uso kwa uso kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kanisa la Carmo, katikati ya Lisbon, halina paa tangu 1 Novemba 1755. Kwenye uwanja ulio mbele ya magofu hayo, tarehe 25 Aprili 1974, wanajeshi walioiasi serikali waliizingira kambi iliyo jirani hadi waziri mkuu Caetano akasalimu amri. Mwaka uliofuata Msumbiji, koloni la Ureno, ikawa huru, na FRELIMO, harakati ya ukombozi iliyoundwa Dar es Salaam 1962, ikaingia Ikulu.

La mwisho liko Mértola, mji mdogo wa kusini. Kanisa lake lilikuwa msikiti, na Wakristo walipouchukua mji katika karne ya 13 hawakulivunja. Milango ina matao ya kiatu cha farasi, na nyuma ya altare mihrabu ingali ukutani. Nani alilijenga na nani analisalia, yote yanaonekana kwa pamoja, na hakuna anayejisumbua kuyaficha.

Mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja dhahabu. Mpelekeeni kipaza sauti.