Maulizo Yanayochelewa Kwenye Kanzidata ya OpenStack: Tuanzie Wapi?

Wenzangu, karibuni. Kila msimamizi wa wingu anayajua malalamiko haya: mteja anafungua orodha ya mashine zake pepe, anasubiri, jibu haliji. Leo nitashika OpenStack, programu huria ya kuendesha wingu, hasa sehemu yake iitwayo Nova, inayosimamia mashine hizo na kuhifadhi taarifa zake kwenye kanzidata ya MySQL au MariaDB.

Wengi hukimbilia kuongeza RAM. Subirini kwanza. Tujue ni ulizo lipi linalochelewa, kwa kuiambia kanzidata iandike kwenye faili kila ulizo linalozidi sekunde 1:

SET GLOBAL slow_query_log = ON;
SET GLOBAL long_query_time = 1;

Kiwango cha kawaida ni sekunde 10, kwa hiyo ulizo la sekunde 4 hupita bila kuandikwa hata likirudiwa kutwa nzima. Halafu angalieni hapa, maana wengi hukwama: kiwango kipya kinahusu miunganisho mipya tu. Nova hutunza miunganisho yake wazi na kuitumia tena, na kwa kawaida huibadilisha ikishapita sekunde 3600. Msiposubiri saa hiyo, au kuwasha upya huduma, faili litabaki karibu tupu nanyi mtadhani mambo ni shwari.

Likishajaa, mysqldumpslow -s t -t 10 itawapa maulizo kumi yaliyokula muda mwingi kwa jumla. Chukueni la kwanza, mlitangulizie neno EXPLAIN, nayo kanzidata itawaonyesha jinsi inavyolitekeleza. Mkiona type ni ALL na key ni NULL, jedwali zima linasomwa bila faharasa (index), ile orodha ya kutafutia safu haraka. Lakini kwenye Nova mara nyingi faharasa inatumika vizuri, ila rows, yaani makadirio ya safu zitakazosomwa, ni kubwa mno ukilinganisha na mashine mlizonazo. Kwa nini?

Kwa sababu Nova haifuti. Mteja akiondoa mashine, safu yake inabaki. Safuwima ya deleted inabadilika tu kutoka 0 kuwa namba ya id ya safu hiyo. Hesabuni wenyewe:

SELECT deleted = 0 AS hai, COUNT(*) FROM instances GROUP BY hai;

Rudieni hesabu hiyo kwenye instance_system_metadata, ambako mashine moja huacha safu nyingi. Mzigo mkubwa uko huko.

Dawa yake, baada ya kuchukua nakala rudufu na kukubaliana na watu wa ankara na ukaguzi ni tarehe gani isivukwe:

nova-manage db archive_deleted_rows --before "2025-01-01" --max_rows 1000 --until-complete --verbose

Safu huhamia kwenye majedwali yanayoanza na shadow_. Kuzifuta kabisa ni kazi ya nova-manage db purge. Wenye seli nyingi, yaani mafungu ya Nova ambayo kila moja lina kanzidata yake, waongeze --all-cells. Wenye klasta ya Galera, yaani seva kadhaa za kanzidata zinazonakiliana data, wasishawishike kupandisha ile 1000: kila muamala (transaction) hupelekwa kwa nodi zote, na muamala mnene huzisimamisha zote.

Msishangae nafasi iliyotumika kwenye diski isipopungua. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ndani ya MySQL na MariaDB, hubaki na nafasi hiyo ndani ya faili lake kwa matumizi ya baadaye. OPTIMIZE TABLE huirudisha, ila kwenye Galera inaweza kuzuia uandishi, basi ifanyeni usiku. ANALYZE TABLE ni nyepesi. Iendesheni mara moja ili takwimu za faharasa zilingane na hali mpya.

Sasa ndipo tuangalie innodb_buffer_pool_size, yaani kiasi cha RAM ambacho InnoDB hutumia kuweka data karibu, ambayo bila kuguswa ni MB 128 tu, na tuipandishe tukikumbuka kwamba RabbitMQ, inayopitisha ujumbe kati ya sehemu za OpenStack, na huduma nyingine huenda zinakaa kwenye seva hiyohiyo.