Barua Pepe Zinazojifanya Zimetoka PayPal

Mabibi na mabwana,

Wengi wenu mnalipwa na wateja wa nje kupitia PayPal, na tangu mwaka 2018 fedha hizo zinaweza kuhamishwa kutoka huko hadi M-Pesa. Kwa mtu wa Nairobi au Mombasa anayeishi kwa kazi za mtandaoni, akaunti hiyo ndiyo karo na kodi ya nyumba. Ndiyo maana naanza kwa kupinga ushauri uliozoeleka mno, kwamba barua ya kitapeli hujulikana kwa lugha mbovu na nembo iliyofifia. Tapeli wa leo hunakili barua halisi pamoja na nembo, rangi na yale maandishi madogo ya chini, na anayetegemea makosa ya sarufi ameachwa bila kinga. La kuuliza ni barua hiyo inataka kukupeleka wapi.

Chukueni barua ya kawaida kabisa. Inasema akaunti yako imewekewa vikwazo, na usipothibitisha taarifa zako ndani ya saa 24 itafungwa. Inaanza kwa “Mpendwa mteja”, ilhali PayPal huwaandikia wateja wake kwa majina yao kamili au jina la biashara. Hiyo ni dalili nzito, ingawa kutajwa kwa jina hakuthibitishi lolote, kwani majina na anwani huvuja pamoja. Chini kuna kitufe. Weka kishale juu yake bila kubofya, na tuseme anwani inayojitokeza ni hii: https://www.paypal.com.akaunti-salama.example/ingia. Jicho linaona paypal.com na kutulia. Lakini mwenye tovuti hutambulishwa na maneno ya mwisho kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina, yaani akaunti-salama.example, yaliyotangulia ameyapachika apendavyo.

Hata jicho makini lina mipaka. Mwaka 2000 matapeli walitumia anwani ambamo herufi ya mwisho ya PayPal ilikuwa I kubwa badala ya l ndogo, na mwaka 2005 watafiti wa usalama walionyesha kwamba herufi a ya alfabeti ya Kisirili, ile inayoandikia Kirusi, ingeweza kuwekwa mahali pa a yetu bila tofauti yoyote kuonekana. Ndiyo sababu napendelea programu ya kutunza nywila. Hiyo haitazami sura ya ukurasa. Hulinganisha anwani na ile iliyohifadhiwa, na zisipolingana haijazi kitu. Programu yako ikikataa kujaza nywila mahali inapoijaza kila siku, usiiandike kwa mkono.

Sasa nifike kwenye aina inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu barua yenyewe ni halali. Tapeli hufungua akaunti ya kweli, kisha hukutumia ankara ya kitu ambacho hukukiagiza, na PayPal yenyewe ndiyo inayoileta kutoka kwenye mitambo yake. Anwani ya mtumaji ni sahihi na kichujio cha barua taka hakina la kukataa. Hila imo katika sehemu ya maelezo: “Ikiwa hukuidhinisha malipo haya, piga namba hii mara moja.” Anayepiga hupokewa na mtu mpole anayemshauri asakinishe programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali ili “arudishiwe” fedha ambazo hazijawahi kutoka. Ankara isiyolipwa haikati hata senti moja, kwa hiyo usiilipe wala usipige namba iliyomo.

Kwa aina zote mbili utaratibu ni mmoja: iache barua, fungua programu ya PayPal au andika anwani mwenyewe kwenye kivinjari, kisha uangalie. Kama kuna tatizo, taarifa yake utaikuta humo. Barua yenyewe ipeleke kwa phishing@paypal.com, ndipo uifute.

Na kwa aliyekwisha kuandika nywila kwenye ukurasa wa uongo, aibadilishe sasa hivi na kukagua miamala yake. Asiishie hapo. Ikiwa barua pepe yake ina nywila ileile, aibadilishe pia, awashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kutakiwa kuthibitisha kwa njia ya pili baada ya nywila, kisha atazame katika mipangilio kama kuna amri ya kupeleka nakala za barua zake kwa anwani asiyoijua. Ikiwa ipo na akaiacha, kiungo cha kuweka nywila mpya kitakachotumwa kwake kitamfikia pia tapeli.